Mchagua Jembe si Mkulima? Utetezi wa Fundi wa Gitaa

Methali nyingi zimenyongwa kwa matumizi mabaya, lakini sidhani kama ipo iliyoteswa kuliko hii isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Mpigaji wa gitaa la umeme akisema chombo chake hakishiki sauti, hiyo ndiyo dawa anayopewa. Wakubwa wa kikundi hucheka, naye hunyamaza, na usiku ule ule muimbaji hupanda jukwaani kuimba juu ya sauti iliyopinda. Siipingi methali. Nawapinga wanaoifanya pazia la uvivu. Mkulima kweli hachagui jembe, ila hakuna mkulima alimaye kwa jembe linalocheza mpinini. Hulitia kabari, hulinoa, na likimshinda hulipeleka kwa mhunzi. Swali langu ni hili: mhunzi wa gitaa yuko wapi, na nani amemtafuta?

Wapo watakaosema kwamba gitaa la umeme si chombo chetu, na kwamba lisilo letu halistahili kugombaniwa. Hoja hii haina miguu. Huko Tanga, miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star waliitia taarab magitaa ya umeme, na pwani nzima ikawasikiliza. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa ameshalizungumzisha gitaa Kiswahili kabla wengi wa vijana wetu hawajazaliwa. Na ikiwa ugeni ni dosari, basi na tuifukuze fidla, tuifukuze na kanuni, tuone taarab itabaki na nini.

Tofauti iko kwingine. Udi na fidla hazina vyuma shingoni. Sauti ikikosea, kidole cha mpigaji hujongea kidogo na kosa hufutika kabla msikilizaji hajalihisi. Kanuni nayo hulinganishwa na mpigaji mwenyewe, uzi kwa uzi, mbele ya macho yetu. Gitaa halina huruma hiyo. Freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni, zimekwishaamua pahala pa kila sauti. Chombo kikiwa kimekaa kombo, hata mpigaji hodari atapiga kombo, tena kwa ustadi. Kwa hiyo gitaa lina haja ya fundi kuliko vyombo vyote vilivyolitangulia, na ndilo tulilolipokea bila ya fundi wake.

Kwa sisi tuliolelewa na tungo, jambo hili si gumu kufahamu. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hukatika katikati, 8 kwa 8, na kina cha kati hukaa hapo. Uzi wa gitaa nao una kina chake cha kati, nacho ni freti ya 12. Katika magitaa mengi ya Fender uzi unahesabiwa kuwa na urefu wa milimita 648, na freti hiyo iko milimita 324 kutoka kichwani. Lakini kidole kinapoukandamiza uzi huuvuta, na sauti hupanda kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kwa sababu hiyo kikalio cha kila uzi kule darajani husogezwa nyuma kidogo, na uzi mnene aghalabu husogezwa zaidi kuliko mwembamba. Asiyejua hilo atakaza na kulegeza nyuzi usiku kucha. Zitakubaliana zikiwa wazi, na zitagombana kila zinapokanyagwa. Huo ni mshororo wenye mizani 9 upande mmoja na 8 upande wa pili. Nani kati yetu angeuchapisha?

Tena kuna hewa yetu. Nyuzi sita za chuma, hata zikiwa nyembamba, huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu kubwa. Ndani ya shingo umefichwa ufito wa chuma unaoshindana na mvuto huo. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kwa kila badiliko shingo huhama kidogo. Chombo kilichotengenezwa kwa viyoyozi, kikasafirishwa ndani ya kontena, kisha kikafunguliwa ufukweni, hakiwezi kubaki kama kilivyotoka kiwandani. Chumvi ya bahari nayo hula nyuzi na viungo vya nyaya. Kwa hiyo wale wanaosema, "Likiharibika tutanunua jipya," hawajui wanenalo. Jipya nalo lataka kurekebishwa kabla halijapigwa, na litataka tena kila misimu ikigeuka.

Kwa kukosa fundi, tumezoea kubisha milango miwili, na yote si yake. Wa kwanza ni wa fundi redio. Huyu ni bwana wa lehemu; waya uliokatika na tundu la kebo linalokoroma hakuna wa kumshinda. Lakini shingo iliyopinda si ugonjwa wa umeme. Wa pili ni wa seremala. Huyu aijua mbao kuliko sisi sote, ila amezoea kipimo cha mlango na kitanda, ilhali upindo wa shingo ya gitaa hupimwa kwa robo ya milimita. Nimewahi kulishika gitaa lililopita mikono ya namna hiyo. Freti zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa tupa mpaka zikalala, ili kuondoa mkoromo ambao pengine ungeondoka kwa kuugeuza ule ufito robo mzunguko. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walifanya kazi ya mwenziwao kwa sababu mwenziwao hayupo.

Basi fundi wa kuaminika atajulikana kwa lipi? Si kwa cheti, wala si kwa wingi wa zana ukutani. Kwanza, huuliza kabla ya kugusa: wapiga nini, watumia nyuzi za unene gani, mkono wako mzito au mwepesi? Pili, hupima kabla ya kukaza. Huukandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, akachungulia mwanya uliobaki katikati. Tatu, hufuata utaratibu: nyuzi mpya, kisha upindo wa shingo, kisha kimo cha nyuzi, na urefu wa kila uzi huuacha mwisho, kwa kuwa kila hatua huivuruga ile iliyoifuata ikiwa imetangulizwa. Nne, na hili ndilo kubwa, huanza na linaloweza kurudishwa. Skrubu iliyogeuzwa yaweza kugeuzwa tena; chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Fundi anayeanza na tupa, chukua gitaa lako uondoke. Tano, hukueleza alichokifanya. Anayeficha kazi yake ati ni siri ya ufundi anajilinda yeye. Chombo chako hakimo katika hesabu yake.

Mimi ni mfasiri, na kazi yangu yanifanya nimfahamu mtu huyu. Tafsiri ikiwa njema, msomaji humsifu mtunzi; ikiwa mbovu, hapo ndipo mfasiri hukumbukwa. Fundi wa gitaa yumo katika dhulma hiyo hiyo. Gitaa likiimba vizuri, sifa ni za mpigaji. Likikoroma, lawama ni za mpigaji pia, kwani fundi hata hatukujua kwamba alitakiwa awepo.

Lawama yangu haiwaendei vijana wapigao. Yawaendea waandaaji na wafadhili, ambao katika kila bajeti huwa na fungu la spika, la fulana na la chakula cha wageni, wasiwe na senti ya kumlipa mtu wa kuvikagua vyombo. Hupigwa picha siku ya kukabidhi magitaa. Siku yanapokufa hakuna mpiga picha. Yawaendea pia watunzi wenzangu. Twaugua kwamba maneno yetu hayasikiki siku hizi, na kwamba kinanda cha umeme kimemeza kila kitu. Lakini kinanda hakikuja kwa hila. Kilikuja kwa sababu ndicho chombo pekee jukwaani kinachoamka na sauti ile ile kiliyolala nayo. Tukiacha kila chombo kingine kiharibike, tusishangae kikitawala peke yake.

Visiwa hivi vimewaheshimu wachonga milango na waunda majahazi, na mtoto alipelekwa akakaa miguuni pa fundi miaka mpaka mkono ukaiva. Nataka heshima hiyo hiyo ipewe kazi hii. Kila kikundi kichague kijana mmoja mwenye subira na sikio, kimnunulie vipimo na seti za nyuzi, kimtafutie mwalimu popote alipo, na kimlipe. Akishaiva, yeye naye afundishe wawili. Gharama yake ni ndogo kuliko spika moja, na mkono wake utabaki baada ya spika hiyo kupasuka.