Dawa ya Minyoo Isigeuzwe Maji

Mwaka 1972 mjini Iringa, Halmashauri Kuu ya TANU ilipotangaza kwamba Siasa ni Kilimo, ilidai utaalamu ushike nafasi ya mazoea. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya mazoea hayo bado yamo zizini, nayo yanaidhoofisha silaha kubwa ya mfugaji, yaani dawa ya minyoo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao walichunguza mashamba ya ng'ombe mkoani Iringa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Ilidhihirika kwamba wafugaji walitegemea dawa tu, na kwamba hali ya mfuko, wala si aina ya minyoo, ndiyo iliyoamua dawa ipi inunuliwe. Wengi hawakuwa na habari za minyoo ya ini, na walitumia dawa isiyoiua.

Madhara yake ni haya. Katika kila kundi la minyoo haikosi michache inayoweza kuistahimili dawa. Mfugaji akikisia uzito kwa macho, akapunguza kipimo ili chupa itoshe zizi zima, iliyo dhaifu hufa na iliyo sugu hubaki ikitaga. Mayai huanguka malishoni pamoja na kinyesi, na mvua za masika huyastawisha. Dawa ya thiabendazole ilianza kuuzwa mwaka 1961. Kufikia 1964 minyoo ya kondoo huko Marekani ilikwisha kuishinda. Usugu wa dawa za ukoo huo katika kondoo wa Tanzania nao umekwisha kuandikwa na wataalamu.

Wapo wanaojifariji kwamba wao hubadili dawa kila msimu. Wanabadili chupa! Albendazole na fenbendazole ni ndugu wa ukoo mmoja. Mnyoo aliyemzoea huyu hamwogopi yule.

Hata hivyo si haki kumlaumu mfugaji peke yake, ikiwa mshauri wake pekee ni muuza duka. Afisa mifugo afike zizini na mkanda wa kupimia uzito, mgonjwa apewe kipimo kamili, na ikumbukwe kwamba mbuzi huhitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo wa uzito ule ule. Mnyama mwenye afya aachwe. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini minyoo yake ambayo haijaonja dawa ndiyo inayochanganyika na ile sugu na kuizuia isitawale malisho. Nchini Afrika Kusini wafugaji wa kondoo na mbuzi hufundishwa kufunua kope na kutazama rangi yake: aliyepauka kwa kunyonywa damu ndiye anyweshwaye.

Aidha, mayai yaliyomo katika kinyesi yahesabiwe kabla ya kunywesha, na tena baada ya wiki mbili. Wakala ya Maabara ya Veterinari inacho kituo Iringa. Halmashauri za wilaya zitenge fedha za kupeleka sampuli huko kila mwaka. Watumishi na walimu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba wawe wa kwanza kupeleka za kwao.