India: Miaka 3 ya uwakili kabla ya mtihani wa uhakimu, nani ataweza kungoja?

Kwa zaidi ya miaka 20, kijana wa India aliyemaliza masomo ya sheria aliweza kutoka darasani na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa kuingia kazi ya uhakimu. Akifaulu na kumaliza mafunzo, alikalia kiti cha hakimu pengine kabla ya kufikisha umri wa miaka 26. Tarehe 20 Mei 2025, Mahakama ya Juu mjini New Delhi iliamua kuifunga njia hiyo. Majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Mkuu wa wakati huo, B. R. Gavai, walisema kwamba anayeomba nafasi ya hakimu wa ngazi ya kwanza lazima awe amefanya kazi ya uwakili kwa muda usiopungua miaka 3.

Uamuzi huo unawagusa vijana wengi ambao kila mwaka wanajifungia na vitabu, nyumbani au katika vituo vya masomo ya ziada vya miji kama Delhi, Jaipur na Prayagraj. Zamani swali lao lilikuwa moja: nitasoma vipi ili nifaulu? Sasa limeongezeka la pili, na kwa wengi ndilo gumu zaidi: nitaishi vipi miaka hiyo 3 kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani?

Mtihani wenyewe ukoje

India haina mtihani mmoja wa mahakimu kwa nchi nzima. Kifungu cha 234 cha katiba kinaliachia kila jimbo kazi hiyo. Gavana ndiye anayeteua, kwa kufuata kanuni zinazowekwa baada ya kushauriana na tume ya utumishi wa umma ya jimbo na Mahakama Kuu ya jimbo. Ndiyo maana kuna majimbo ambako mtihani unaandaliwa na tume, na mengine ambako Mahakama Kuu yenyewe inauandaa. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 1976, kifungu cha 312 kinaruhusu kuunda kikosi kimoja cha mahakimu kwa nchi nzima. Rais Droupadi Murmu alilitetea wazo hilo Novemba 2023, lakini kikosi hicho hakijaundwa.

Karibu kila mahali mtihani una hatua tatu. Ya kwanza ni ya mchujo, yenye maswali ya kuchagua jibu. Ya pili ni ya kuandika, ambapo mtahiniwa anaeleza sheria kwa kirefu na kuitumia kwenye kesi za mfano. Ya tatu ni mahojiano mbele ya jopo. Mjini Delhi, kwa mfano, karatasi za kuandika zina alama 850 na mahojiano yana alama 150. Mchujo hauhesabiwi katika alama za mwisho, lakini anayeanguka hapo hafiki mbali.

Kwa msomaji wa Congo kuna tofauti moja ya kuzingatia. Hapa kwetu, mtihani wa Baraza Kuu la Mahakimu (CSM), kama ule wa mwaka 2022, unafungua mlango wa mahakama na pia wa ofisi ya mwendesha mashtaka. Kule India, mtihani huu ni wa wale watakaotoa hukumu peke yao. Waendesha mashtaka wanaajiriwa kwa njia nyingine.

Masomo ni mengi. Kuna katiba, sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya mwaka 1908, sheria ya mikataba ya 1872, sheria ya kuhamisha mali ya 1882, sheria ya ukomo wa muda wa kufungua kesi ya 1963, pamoja na sheria za kila jimbo kuhusu ardhi na upangaji wa nyumba. Juu ya hayo kuna lugha. Anayetaka kuwa hakimu Maharashtra lazima ajue Kimarathi, na anayetaka kuwa hakimu Karnataka lazima ajue Kikannada, kwa sababu mashahidi watakaosimama mbele yake watasema lugha hizo. Kijana anayejaribu bahati katika majimbo mawili au matatu anabeba mizigo miwili au mitatu kwa wakati mmoja.

Sheria zilibadilika, vitabu vikaongezeka

Kabla ya hukumu ya 2025, watahiniwa walikuwa tayari wamepata mshtuko mwingine. Tarehe 1 Julai 2024, India iliweka kando nguzo tatu za sheria zake za jinai. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1860, iliyoandikwa wakati wa utawala wa Waingereza na yenye vifungu 511, ilichukuliwa nafasi na Bharatiya Nyaya Sanhita yenye vifungu 358. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1973 na sheria ya ushahidi ya 1872 nazo zilipata warithi wake.

Mambo mengi ndani ya sheria hizo hayakubadilika sana, lakini namba zilibadilika. Adhabu ya mauaji, ambayo kila Mhindi aliijua kama kifungu cha 302, sasa iko kwenye kifungu cha 103. Utapeli, ambao namba yake 420 ilikuwa imeingia hadi kwenye lugha ya mtaani kama jina la mtu mdanganyifu, umehamia kifungu cha 318. Aliyekuwa amekariri vifungu kwa miaka miwili alilazimika kuanza upya.

Wala hawezi kuzitupa sheria za zamani. Kosa lililotendwa kabla ya tarehe 1 Julai 2024 linaendelea kuhukumiwa kwa kanuni ya adhabu ya zamani. Hakimu anayeanza kazi leo atakuwa na mafaili ya aina zote mbili mezani kwake kwa miaka mingi.

Mlango uliofungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena

Sharti la miaka 3 si jipya. Mwaka 1993, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha mahakimu wa India, Mahakama ya Juu iliagiza kwamba hakimu mpya awe kwanza amefanya kazi ya uwakili kwa miaka 3. Mwaka 2002, kwa kufuata mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Jaji Shetty, mahakama hiyo hiyo iliondoa sharti hilo. Hoja ilikuwa kwamba wanafunzi wenye akili sana hawasubiri. Baada ya miaka 3 ya uwakili wameshapata kazi nzuri kwingine, na mahakama inabaki na waliokosa. Badala ya uzoefu, mahakimu wapya wangepewa mafunzo ya mwaka mmoja au miwili.

Mwaka 2025 majaji waliona kwamba jaribio hilo halikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Mahakama Kuu nyingi za majimbo ziliwaambia hivyo. Hoja yao ni rahisi kueleweka. Tangu siku ya kwanza, hakimu anaamua juu ya uhuru, mali na heshima ya watu. Anampa mtu dhamana au anamrudisha rumande. Kama hajawahi kusimama upande wa pili wa meza, hajui mteja anahangaika vipi akisikia kesi imeahirishwa tena, wala hajui hila ambazo wakili mzoefu anaweza kutumia ili kesi isiishe. Mambo hayo, kwa maoni ya mahakama, hayafundishwi na vitabu.

Hukumu iliweka pia utaratibu. Miaka 3 inahesabiwa tangu siku mtu alipoandikishwa kwa muda kuwa wakili, bila kungoja matokeo ya mtihani wa taifa wa mawakili. Kazi ya karani wa sheria kwa jaji nayo inahesabiwa. Wakili mwenye angalau miaka 10 kazini anaweza kutoa cheti cha uzoefu, na cheti hicho kinathibitishwa na hakimu mkuu wa eneo. Atakayechaguliwa bado atapewa mafunzo ya mwaka mmoja kabla ya kusikiliza kesi. Mitihani iliyokuwa imekwisha kuanza haikuguswa.

Hesabu ya mfukoni

Hoja ya majaji ina uzito. Lakini gharama yake haitagawanywa sawa, na hapo ndipo penye tatizo.

Mshahara wa kuanzia wa hakimu wa ngazi ya kwanza ni rupia 77,840 kwa mwezi, karibu dola 900 za Marekani. Ndiyo sababu kazi hii inavutia familia zisizo na jina wala mali. Wakili kijana yuko mbali sana na kiwango hicho. Oktoba 2024, Baraza la Mawakili la India lilipendekeza kwamba anayeanza kazi chini ya wakili mkubwa alipwe angalau rupia 20,000 kwa mwezi mjini na 15,000 vijijini. Hayo ni mapendekezo tu, hayamlazimishi mtu. Na hata yakifuatwa, kijana huyo atapata karibu robo ya mshahara anaoutafuta.

Kwa mtoto wa wakili, miaka 3 hiyo ni rahisi. Anaingia ofisini kwa baba au mjomba, anapewa mafaili, jioni anarudi nyumbani kusoma. Kwa mtoto wa mkulima wa Bihar aliyekodi chumba mjini, ni miaka ya kulipa pango huku akiandika nyaraka za watu wengine mchana na kukariri vifungu usiku.

Mahakama ya Juu yenyewe inajua kwamba pesa inafunga milango katika taaluma hii. Julai 2024 ilipiga marufuku ada kubwa za kuandikishwa uwakili, ambazo katika majimbo kadhaa zilizidi rupia 15,000, na kuzirudisha kwenye kiwango cha sheria: rupia 750, au 125 kwa watu wa matabaka na makabila yaliyotengwa. Lakini ada inalipwa mara moja, na chakula kinanunuliwa kila siku kwa miaka 3.

Wanawake nao wana sababu ya kuhofia. Mitihani hii imekuwa moja ya njia chache za sheria ambapo wamepiga hatua kubwa. Katika majimbo kadhaa, zaidi ya nusu ya mahakimu wapya wa miaka ya karibuni ni wanawake. Katika familia ambako binti anaulizwa kila mwaka ataolewa lini, kuongeza miaka 3 kabla ya mtihani kunaweza kumaliza subira ya wazazi kabla ya ndoto ya binti.

Cheti kinapima nini?

Jambo la pili la kuangalia ni ukweli wa uzoefu wenyewe. Cheti kinathibitisha kwamba miaka imepita. Hakionyeshi kijana alisimama mahakamani mara ngapi, alihoji mashahidi wangapi, wala kama miezi yake mingi aliitumia katika kituo cha kujiandaa na mtihani huku jina lake likiwa kwenye orodha ya ofisi fulani. Wakili mkubwa anayempenda anaweza kutia sahihi, na asiyempenda anaweza kukataa hata kama kijana amefanya kazi kweli.

Hatari ni kwamba sharti lililowekwa ili kuleta mahakimu wazoefu litazaa soko la vyeti, na atakayeumia ni yule asiye na mtu wa kumtilia sahihi.

Kuna pia suala la kalenda. Tangu mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliweka ratiba inayotaka nafasi za mahakimu zijazwe mara kwa mara kwa tarehe zinazojulikana. Majimbo mengi yamekuwa yakichelewa. Kijana akitimiza miaka 3 ya uwakili na jimbo lake lisitangaze mtihani mwaka huo, miaka 3 inakuwa 4 au 5, na umri wa mwisho wa kuomba unamkaribia.

Wakati huo mahakama zinahitaji watu. Zaidi ya kesi milioni 40 zinangoja katika mahakama za wilaya na za chini. Nafasi zilizoidhinishwa ni zaidi ya elfu 25, na karibu elfu 5 kati yake hazina mtu. Tangu mwaka 1987 tume ya sheria ya India ilishauri nchi iwe na majaji 50 kwa kila watu milioni moja. Leo ni kama 21.

Nini kifuate

Uzoefu ni kitu cha haki kumdai mtu atakayewahukumu wengine. Mwananchi anayepelekwa rumande ana haki ya kukutana na hakimu anayejua mahakama kwa ndani. Lakini sharti hili litakuwa la haki kwa watahiniwa pia pale tu mambo matatu yatakapofuatana nalo: wakili kijana kulipwa kiasi cha kuishi, cheti kuonyesha kesi alizoshika kweli, na kila jimbo kutangaza mtihani kwa wakati.

Hayo yote yako mikononi mwa mabaraza ya mawakili, Mahakama Kuu na serikali za majimbo, wala hayahitaji kubadilisha katiba. Yasipofanyika, mtihani wa uhakimu utaendelea kupima nani anajua sheria, baada ya kuwa umekwisha kuwachuja waliokosa pesa ya kungoja.