MAONI: Kadi ya wati 450 ni mzigo kwa Kindu

Kindu, Maniema – Vijana wengi wanaotengeneza video wanaota kadi ya grafiki kubwa, ile yenye feni tatu. Kadi hiyo ni nzuri. Lakini katika mji ambao umeme wake ni wa kuhesabu saa, haifai, hasa ikinunuliwa kwa pesa ya msaada.

Mfano ni RTX 4090 ya Nvidia, iliyotoka Oktoba 2022 kwa bei ya dola 1,599 huko Marekani, mbali na usafiri. Inaweza kula hadi wati 450. Ndiyo maana rejeta yake ni kubwa mno: nyingi za aina hiyo zina kilo 2 au zaidi, na zinajaza nafasi tatu au zaidi ndani ya kompyuta.

Rejeta hiyo inafanya kazi yake. Chipu haichemki, kasi haishuki, feni hazipigi kelele. Ila joto halipotei: linatolewa kwenye chipu na kumwagwa chumbani. Katika chumba kidogo cha mabati pale Kasuku au Alunguli, saa nane mchana, hewa inayoingia kwenye feni tayari ni ya moto, tena ina vumbi na unyevu. Hapo hata rejeta kubwa inaweza kulemewa.

Hesabu ni rahisi. Wati 450 zinawasha taa 90 za wati 5, au zinachaji simu 45 kwa wati 10 kila moja. Kwa familia zilizokimbia vita vya Kivu na kupokelewa Maniema, simu yenye chaji ndiyo njia ya kujua ndugu yuko wapi na msaada unagawiwa lini. Jenereta ndogo ikibebeshwa kompyuta yenye kadi hiyo, haibaki na nguvu ya kusaidia jirani.

Wapo wanaosema kazi kubwa inataka mashine kubwa. Ni kweli kwa mtu wa filamu au wa akili bandia. Lakini kukata sauti ya kipindi cha redio hakuhitaji kadi kama hiyo hata kidogo. Kazi hiyo inafanywa na prosesa na memori. Kwa video fupi za habari, GTX 1650 ya mwaka 2019 inatosha, nayo inakula wati 75, yaani mara sita chini.

Aliyekwisha kupata kadi kubwa asiiuze kwa hasara. Programu ya kadi inaruhusu kushusha kiwango cha umeme hadi asilimia 70: joto na mafuta vinapungua, kasi inashuka kidogo tu. Na kompyuta ikisafirishwa kwa pikipiki, kadi itolewe kwanza, kwani uzito wake unaweza kuvunja sehemu iliyochomekwa.

Kasiteriti ya Kalima na Punia hutoa bati, metali inayounganisha vipande vya kompyuta duniani kote. Watu wa Maniema wanastahili mashine nzuri. Lakini nzuri kwa Kindu ni ile inayowaka bado saa ya habari inapofika. Basi kila shirika na kila kituo kinachonunua kompyuta kiulize wati kwanza, ndipo kiulize kasi.