Mitambo ya Kutafuta Kasoro na Fundi Asiyelipwa

Mwekezaji anapotaka kununua hisa huangalia mtaji, madeni na gawio. Lipo deni moja ambalo hatalikuta katika mizania ya makampuni ya kompyuta, nalo ni kazi ya watunzaji wa programu huria, zile zinazochukuliwa bure na kutiwa ndani ya bidhaa za kuuzwa.

Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed, iliyokuwa imekaa miaka miwili ndani ya OpenSSL bila kuonekana. Programu hiyo ililinda sehemu kubwa ya biashara ya intaneti, huku michango yake ikiwa takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Soko lilishtuka. Desemba 2016 Google ikaanzisha OSS-Fuzz, mitambo inayolisha programu huria data iliyovurugwa, usiku na mchana, mpaka zianguke. Programu ikianguka, taarifa humfikia mtunzaji na siku 90 huanza kuhesabiwa. Zikiisha, kasoro huwekwa hadharani.

Kutafuta kasoro ni jambo jema, hatubishi. Lakini mtambo haulali, na anayepokea taarifa zake mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ajira nyingine. Mwaka 2025 watunzaji wa FFmpeg, programu ya video, walilalamika waziwazi baada ya mtambo wa akili bandia wa Google kuwaletea kasoro katika sehemu inayosoma video za mchezo wa kompyuta wa mwaka 1995. Kasoro ilikuwapo kweli, nao wakaitengeneza. Je, ni wateja wangapi wa leo wanaoufungua mchezo huo?

Nick Wellnhofer, aliyeitunza libxml2 kwa kujitolea, alisema Juni 2025 kwamba taarifa za usalama zinamla saa kadhaa kila wiki. Akatangaza kuwa tangu hapo atazishughulikia kama kasoro nyingine yoyote, akipata nafasi. Na libxml2 imo katika bidhaa za Apple! Mwenye duka anajua maana ya msambazaji kusema "nikipata nafasi".

Maoni yetu ni kwamba kampuni yenye fedha za kuendesha mitambo ya namna hiyo ilete taarifa pamoja na marekebisho yaliyokwisha kujaribiwa, au imlipe fundi. Google hutoa zawadi kwa baadhi ya watunzaji wanaounganisha programu zao na OSS-Fuzz. Zawadi hiyo haitoshi kulipia matengenezo ya miaka yote inayofuata.

Wenye hisa walipeleke suala hili kwenye mkutano mkuu wa mwaka: bidhaa zetu zimejengwa juu ya programu huria zipi, na watunzaji wake wanalipwa na nani?