Kwanza Mkanda, Kisha Spika

Ndani ya lori linaloteremka mlima Sekenke kuelekea bonde la Wembere, besi haisikiki. Injini inanguruma kwa sauti nzito, palepale gita la besi linapokaa, na iliyo kubwa huimeza iliyo ndogo. Dereva anabaki na mwimbaji, tarumbeta na gita la solo. Hata hivyo anafurahi, anagonga usukani kwa vidole. Wapo watakaosema kesi imekwisha: wimbo mzuri ni mzuri hata kwenye redio mbovu, na wanaohangaika na ubora wa kurekodi wana fedha za kuchezea.

Sikubaliani nao, ingawa sina nia ya kuwatetea wenye spika za mamilioni. Dereva yule anafurahi kwa sababu besi anayo kichwani. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe aliwahi kuusikia mahali patulivu, na kinachokosekana masikio yanakijaza yenyewe. Mpe wimbo asioujua, tena uliorekodiwa ovyo, uone kama vidole vitacheza.

Akiba hiyo huwekwa siku ya kurekodi. Bendi za dansi zilizoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, waimbaji na ala, na fundi mitambo ndiye aliyepima nani asogee kwenye maikrofoni na nani arudi nyuma. Hakukuwa na kurudi kesho kurekebisha ridhimu peke yake. Sikiliza Mlimani Park Orchestra ya miaka ya 1980 kwenye nakala safi: magita yanapokezana, kila moja na mahali pake. Kwangu mimi raha ya dansi iko hapo hasa. Nakala hiyohiyo ikipita kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, ikabanwa ili memori kadi ibebe mamia, magita yanashikana, huyatofautishi tena. Kisha tunanunua sabufa kufidia! Sabufa itaongeza mshindo tu. Wachimbaji wa Sekenke, ambako ndiko ilikotoka dhahabu ya sarafu zilizofuliwa Tabora mwaka 1916, wanalijua hili kuliko wauza spika: huwezi kuchenjua dhahabu isiyokuwemo kwenye jiwe.

Sisemi kila chenye mikwaruzo kitupwe. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka michache tu baada ya maikrofoni kuchukua nafasi ya pembe la kurekodia, na santuri zile leo zinakwaruza kwelikweli. Lakini mkwaruzo unakaa juu ya sauti, na sikio hujifunza kuuruka. Kilichokatwa wakati wa kubana wimbo hakirudi.

Kwa hiyo toleo hili limewapa mafundi mitambo kurasa nyingi kuliko vyombo. Msomaji anayetaka kujua anunue spika gani ataukuta ushauri mwishoni, kwa ufupi, na swali letu la kwanza kwake ni nyimbo zake amezipata wapi.