Kufungua Si Kazi, Kazi ni Kufunga

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, mpenzi msomaji, tumeizoea sana katika insha zetu, na aghalabu tunaitumia tunapozungumzia wenye maduka. Leo nataka kuipeleka mahali ambapo pengine hukuitarajia, yaani ndani ya kabureta ya pikipiki kuukuu. Nitegee sikio, kisha ukimaliza kusoma uniambie kama nimepotoka.

Maoni yangu ni haya. Kufungua kabureta mpaka kipande cha mwisho ni jambo la kila mwenye bisibisi. Kuirudisha ikawa kabureta tena, hiyo ndiyo elimu. Na elimu hiyo hapa kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui ng'ambo ya mto Sabaki, imo vichwani mwa mafundi ambao wengi wao umri umewatupa mkono. Vitabu vya pikipiki zile viliandikwa kwa Kiingereza na Kijapani, na fundi mwenyewe hana hata kimoja. Nasema ni wajibu wetu sisi wa Chama cha Kiswahili kuiandika elimu hiyo kabla haijazikwa.

Najua kuna mwenzangu ameshaanza kucheka. Ati kabureta ina uhusiano gani na Kiswahili? Subiri kidogo, bwana.

Kwanza tukumbushane pikipiki zenyewe. Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 ilikuwa imeunda zaidi ya milioni 100 za aina hiyo. Mwaka 1976 ikaja CG125, iliyobuniwa makusudi kwa nchi kama zetu, mahali ambapo barabara ni mbovu na fundi yuko mbali. Kuna pia Yamaha AG100, ambayo wazee wetu waliiona ikiendeshwa na maofisa wa kilimo mashambani. Baadaye, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikafurika kila kijiji, ilhali jina hilo lilikuwa la baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia. Lakini zile kuukuu hazikufa. Nenda Gede, nenda Matsangoni, nenda Takaungu, utazikuta zimebeba madafu, makuti, samaki na watoto wa shule.

Sasa tuingie ndani. Kabureta ni chombo cha kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Ina koo, na koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikipita palipobanwa huenda mbio, na ikienda mbio msukumo wake hupungua, basi petroli huvutwa juu kutoka kwenye bakuli lililo chini. Walimu wetu wa fizikia wanaijua kanuni hii kwa jina la Daniel Bernoulli, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738. Sisi watoto wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kuielewa. Simama kando ya hori ya Mida wakati maji yanapokupwa, utazame pale mlangoni palipo pembamba jinsi maji yanavyokwenda kasi.

Ndani ya bakuli mnaelea kitu chepesi ambacho Waingereza wamekipa jina lao, lakini mvuvi yeyote wa Malindi akikiona atakiita boya, kwa maana kazi yake ni kuelea. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano ndogo inayoziba njia. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Halafu kuna jeti mbili, vijipande vya shaba vyenye tundu dogo sana. Ile ndogo hulisha injini inaponguruma pikipiki imesimama, na ile kubwa huilisha inapokwenda mbio. Kuna slaidi inayopanda na kushuka kila unapozungusha mkono wa mafuta, na katikati yake imening'inia sindano ndefu iliyoshikwa na klipu. Ongeza skrubu ya hewa, springi, mipira ya duara na gasketi. Vyote hivi vyaweza kuenea katika kiganja cha mtu mmoja.

Hali ya hewa yetu nayo haisaidii. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula aluminiamu ikaacha unga mweupe. Pikipiki ikilala miezi bila kuwashwa, petroli hukauka ndani ya jeti ikawa kama gundi. Kwa hiyo hakuna budi, siku moja lazima kabureta ifunguliwe yote ioshwe. Hapo ndipo penye mtihani.

Likizo ya Agosti huwa naikaa kwa mjomba wangu, fundi wa pikipiki mjini Malindi. Asubuhi moja alikuja mchuuzi wa samaki kutoka Ngomeni. Mkononi alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, na ndani ya kopo mlikuwa na kabureta yake yote, vipande vitupu. Akasema, "Fundi, mimi nimekurahisishia kazi. Nimeshafungua na kuosha kila kitu. Kilichobaki ni wewe kufunga tu."

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Akamwambia, "Ndugu yangu, hicho kilichobaki ndicho kazi yenyewe."

Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza, akavipanga vipande kimoja kimoja kama mtu anayepanga maneno katika sentensi. Alipomaliza, palikuwa na pengo. Klipu ya sindano haikuwamo. Kijipande chembamba kuliko ukucha, kilichoruka mchangani huko Ngomeni pasipo mwenyewe kujua. Bila klipu, sindano haikai mahali pake, na bila sindano hakuna safari. Mpaka klipu nyingine ipatikane kutoka kwenye kabureta mbovu, saa za samaki zilikuwa zimepita. Yule mzee hakuuza kitu siku ile. Mwenye kujua bei ya samaki aliyelala atamhurumia.

Wakati wa kufunga nilimwona mjomba akifuata mpango asioubadili. Kwanza jeti, zikazwe lakini zisilazimishwe, maana shaba ni laini. Kisha sindano ya boya na boya lenyewe. Hapo husimama, hugeuza kabureta juu chini ili boya liilalie sindano, akapuliza kwa mdomo katika njia ya petroli. Pumzi ikipita, kuna kasoro, haendelei. Pumzi ikizuiwa, anafunga bakuli na gasketi yake. Ndipo inapokuja skrubu ya hewa. Huizungusha ndani polepole mpaka iguse, kisha huirudisha nje kwa idadi ya mizunguko aliyoihesabu kabla ya kuitoa. Mwisho ni slaidi, ambayo ule upande uliokatwa lazima utazame kule hewa inakoingilia. Akishaipachika kabureta kwenye injini, hufungua petroli, akangoja aone kama inavuja, huku akisikiliza slaidi ikianguka "tak!" kila anapoachia mkono wa mafuta. Ndipo apige teke la kuwasha.

Nilimwuliza, "Mjomba, umejuaje kwamba hii ni mzunguko mmoja na nusu na ile ya jana ni miwili?"

Akajigusa kipaji. "Zimo humu."

Wenzangu, jibu hilo lilinitia hofu kuliko furaha. Mjomba sasa hasomi tena nambari zilizochongwa kwenye jeti, mimi ndiye ninayemsomea. Vijana wawili wanaojifunza kwake huiga kwa macho tu. Siku asipokuwapo, wao watafanya kama yule mchuuzi: watafungua kwa nguvu zote, na kufunga watakisia.

Na kukisia kuna gharama. Chukua tundu la jeti. Watu wengi hulizibua kwa waya wa chuma. Tuseme lilikuwa na upana wa milimita 1.0, waya ukalikwangua likawa 1.1. Fanya hesabu yako uone: eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi, itoe moshi mweusi, na mwenyewe alaumu kituo cha mafuta. Dawa yake ni kupuliza hewa au kuloweka, basi. Chukua gundi ya kuzibia ambayo wengine hupaka badala ya gasketi. Petroli huilainisha, vipande vyake vikaingia kwenye jeti, na mtu arudi kwa fundi baada ya wiki. Hizo ni hasara za mfuko. Lakini boya likikwama petroli humwagika juu ya injini ya moto, na slaidi ikikwama juu pikipiki haisikii tena mkono wa dereva. Hebu fikiria jambo hilo limpate mtu juu ya daraja la Kilifi, nyuma amembeba mama mjamzito anayekwenda hospitali. Hapo hatuzungumzii tena shilingi.

Najua nitapingwa. Hoja ya kwanza ni kwamba kabureta zinapitwa na wakati, kwa sababu pikipiki mpya nyingi zinapuliziwa petroli kwa mitambo ya kielektroniki, na za umeme nazo zimeingia nchini. Ni kweli. Lakini mchuuzi wa Ngomeni hatanunua mpya kesho. Isitoshe, hata hiyo ya umeme itafunguliwa siku moja, na atakayeifunga atahitaji tabia zile zile: kupanga, kuhesabu, kuandika, kujaribu kabla ya kuwasha.

Hoja ya pili ni kwamba ufundi haufunzwi kwa karatasi, mkono hufunzwa na mkono. Nakubali nusu. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na hakuna kitabu kitakachokupa uzito wa bisibisi. Lakini mkono haukumbuki nambari za pikipiki kumi za aina kumi. Daftari hukumbuka. Mkono na daftari si mahasimu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo huisikia humu humu shuleni: kwamba karakana ni ya waliofeli. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulitilia mkazo kazi za mikono, na mfumo wa umilisi uliofuata nao unahubiri vivyo hivyo. Miaka yote hiyo, sisi bado tunamcheka mwenye mafuta mikononi. Mwanafunzi akichambua shairi beti kwa beti tunampigia makofi. Sipingi, nami napenda kuchambua. Lakini mwalimu wetu wa fasihi hutuambia kila mara kwamba aliyeelewa vina na mizani ni yule anayeweza kutunga. Basi na aliyeelewa kabureta ni yule anayeweza kuifunga ikanguruma. Ni akili ile ile, na inastahili heshima ile ile.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. La kwanza, Chama cha Kiswahili kimwalike fundi mmoja kila muhula, aje na kabureta yake, aifungue na kuifunga mbele yetu huku akieleza kwa maneno yake. Akaribishwe kama mgeni wa heshima, alipwe nauli na chai. La pili, sisi wanachama tuandike kila hatua kwa Kiswahili chepesi, pamoja na michoro, kisha tumsomee fundi mwenyewe aisahihishe. La tatu, tubishane juu ya maneno. Je, tuseme boya au floti? Koo au bomba? Jeti tuiache ilivyo au tuiundie jina? Hiyo ni kazi ya chama chetu hasa, na ni bora kuliko kukariri misamiati ya vifaa ambavyo hakuna kati yetu aliyewahi kuvishika.

Mimi nimeshaanza. Mjomba alikubali kwa sharti moja: "Andika wewe, mimi nitasema. Lakini usiandike usichokiona kwa macho yako." Hadi sasa kurasa kumi na nne zimejaa, kila aina ya pikipiki na ukurasa wake: skrubu ya hewa mizunguko mingapi, klipu iko mfuo wa ngapi kutoka juu, jeti nambari gani. Daftari hilo nimelileta shuleni, na nitalikabidhi kwa katibu wa chama alihifadhi maktabani. Anayetoka Kaloleni, Ganze, Watamu au Magarini ana fundi wake huko kwao. Likizo ijayo amwendee na kalamu, amwamkie kwa adabu, akae chini amsikilize. Tukirudi tuziunganishe kurasa zetu.

Shime wenzangu, tuandike wenye elimu hii wangali hai. Kuuliza si ujinga.