Wengi Wape, na Wachache Je?

Kila mwaka, ninapoanza kufundisha mada ya uwakilishi, huwapa wanafunzi wangu karatasi yenye nukta 50. Nukta 40 ni nyeusi na 10 ni nyekundu, na hizo nyekundu zimesongamana kwenye pembe moja. Ninawaambia: huu ni mji wa watu 50; ugaweni katika wadi tano zenye watu 10 kila moja. Baada ya robo saa majibu huwa ya namna mbili. Wapo wanaoizungushia mstari pembe ile, na wekundu hupata mwakilishi mmoja kati ya watano, sawasawa na fungu lao. Wapo wanaoikata pembe ileile vipande vitano, kila wadi ikapata wekundu wawili, na wekundu wakaambulia patupu. Hakuna aliyeiba kura. Hakuna aliyefukuzwa kituoni. Wadi zote zina watu sawa. Kilichobadilika ni mstari tu.

Safari hii mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Makina kule Kibra, aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, sisi kwetu ni nukta za rangi gani?" Sikuwa na jibu fupi. Makala haya ndiyo jibu langu refu.

Wanubi wa Kibra ni wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Wamekuwa Kibra tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla mitaa mingi ya Nairobi haijapata jina. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ekari 4,197 za Kibra kuwa ardhi ya jeshi, nao wakaishi na kulima humo. Hati ya ardhi ya jamii waliyokabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Umbali kati ya tarakimu hizo mbili ni hadithi ya watu ambao kwa karne nzima mambo yao yaliamuliwa na wengine. Eneobunge la Kibra lilipomegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013, liligawanywa katika wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe. Sidai kwamba aliyeichora mipaka hiyo aliwakusudia mabaya. Ninachodai ni kwamba jamii ya namna hii haipaswi kuachiwa bahati nasibu kila mchoraji anaposhika kalamu.

Katiba yetu ya 2010 haikuiacha. Kifungu cha 89 kinataka kila wadi ikaribie kiwango kimoja cha wakazi, yaani idadi ya watu wote nchini ikigawanywa kwa idadi ya wadi. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu kiwango hicho kizidi au kipungue ili kuzingatia mambo kadhaa, yakiwamo maslahi ya pamoja ya jamii na uhusiano wake wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Katika majiji na katika maeneo yenye watu wachache, tofauti inayoruhusiwa ni asilimia 40. Kwingineko ni asilimia 30. Nacho Kifungu cha 56 kinaidai serikali ihakikishe kwamba jamii za wachache zinashiriki na kuwakilishwa katika utawala. Kwa hiyo walioandika Katiba walijua kwamba usawa wa hesabu na usawa wa sauti si kitu kimoja, wakaagiza vyote viwili.

Je, tumepata kimojawapo? Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopigiwa debe zaidi. Sensa ya 2019 ilitangaza Wakenya 47,564,296. Ukiwagawanya kwa wadi 1,450, kila wadi inastahili watu 32,803. Ukiongeza asilimia 40 yote, dari ya wadi ya jijini ni watu 45,924. Sasa itazame Nairobi: watu 4,397,073, wadi 85. Wastani ni watu 51,730 kwa kila wadi. Msomaji, rudia hesabu hiyo mwenyewe. Sisemi kwamba wadi moja au mbili zimevuka dari. Nasema wastani wa jiji zima umeivuka. Mkazi wa Nairobi anayekwenda kwa mwakilishi wake kulalamikia maji au taka amesimama kwenye foleni ambayo Katiba yenyewe imeikataza.

Sababu haijifichi. Mipaka tuliyo nayo ilichapishwa Machi 2012 kwa takwimu za sensa ya 2009, Nairobi ilipokuwa na watu 3,138,369. Katiba inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe upya baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12, na ile ya wadi ipitiwe mara kwa mara. Miaka 12 ilitimia Machi 2024. Siku hiyo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Viti vyao vilikaa vitupu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Zaidi ya hayo, mapitio yasiyokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu hayatumiki katika uchaguzi huo. Asiyetaka kujidanganya anajua maana yake kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Wanasiasa waliovutana juu ya uteuzi wa makamishna hawakuchelewesha shughuli ya ofisini tu. Waliihifadhi ramani ambayo wao wenyewe walichaguliwa nayo.

Hapa ndipo wenzangu wengi wa Nairobi hupaza sauti: basi tufuate namba, tuchukue wadi zetu kutoka kule ziliko nyingi kupita kiasi! Wengi wape! Nami ndipo ninapoachana nao. Lamu ina watu 143,920 na wadi 10, wastani wa watu 14,392. Sakafu ya kisheria, ukipunguza asilimia 40, ni 19,682. Kwa mkasi wa hesabu pekee, Lamu itapoteza wadi. Na itakayokuwa ya kwanza mezani ni Basuba, wadi ya Waboni, watu wa msitu ambao hawana kwingine kokote nchini wanakoweza kumchagua mtu wao. Basuba imo katika eneobunge la Lamu Mashariki, lenye watu 22,258 tu kwa sensa hiyohiyo. Eneobunge hilo liliokolewa mwaka 2012 na masharti ya mpito yaliyokataza kufutwa kwa eneobunge lililokuwapo. Lakini masharti hayo yalihusu mapitio ya kwanza tu. Mapitio yajayo hayana kinga hiyo. Nakiri kwamba hata unafuu wa asilimia 40 hauwatoshi Waboni. Hapo sheria yenyewe inahitaji kurekebishwa. Ila sikubali kwamba njaa ya Nairobi ishibishwe kwa sahani ya Basuba.

Tena si lazima. Maeneobunge 290 yametajwa ndani ya Katiba, na kuyaongeza ni kuigusa Katiba. Wadi 1,450 zimewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sheria ya kawaida ambayo Bunge linaweza kuirekebisha. Majiji yaongezewe wadi, na wadi za jamii ndogo ziachwe. Najua nitakaloambiwa: wawakilishi wamezidi, mishahara yao inatumaliza. Basi pigania kupunguza marupurupu na safari za ng'ambo, nami nitakuwa bega kwa bega nawe. Lakini usiniambie kwamba taifa linaloweza kulipia misafara ya magari ya wakubwa linashindwa kulipia kiti cha Mboni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huletwa na watu ninaowaheshimu: kuchora wadi kwa kuitazama jamii ni kuupalilia ukabila. Najibu kwamba hakuna mstari usioitazama jamii. Kila mpaka unapita mahali, na kila mahali pana watu. Mchoraji anayesema hakutazama jamii yoyote mara nyingi ameitazama iliyo kubwa, akaona hiyo ndiyo kawaida. Aidha, wachache si kabila tu. Wapangaji wa vibanda waliofungwa katika wadi moja na mtaa wa matajiri ni wachache wa namna yao, hata kama makabila yao ni makubwa. Na uchoraji wa haki una mipaka yake: kuwarundika watu katika wadi moja ilhali wangetosha kushinda mbili nako ni kuwapunja. Sitetei wadi za ukoo. Natetea mchoraji anayelazimika kueleza alichokifanya.

Hoja ya tatu ni kwamba tayari tuna viti maalumu. Ni kweli kwamba Kifungu cha 177 kinatenga viti vya makundi yaliyotengwa katika mabunge ya kaunti. Lakini viti hivyo hujazwa kwa orodha za vyama, kwa kadiri ya viti ambavyo chama kimeshinda. Jina lako huwekwa kwenye orodha na chama, na chama ndicho kinachoweza kuliacha nje safari ijayo. Mwakilishi ambaye watu wake hawawezi kumnyima kura hana sababu ya kuwaogopa. Viti hivyo vibaki, lakini visitumiwe kuwafumba mdomo wanaodai kuchagua.

Mahakama zetu zimekwisha kulielewa jambo hili. Wailchamus wa Baringo, jamii ndogo kandokando ya ziwa, walikwenda Mahakama Kuu wakieleza kwamba katika eneobunge la Baringo Kati wingi wa majirani zao uliwafungia mlango wa kumpeleka mtu wao bungeni. Desemba 2006 majaji walikubali kwamba jamii ya wachache ina haki ya kuwakilishwa, na kwamba tume inapochora mipaka haina budi kulizingatia hilo. Leo katika Baringo Kusini ipo wadi inayoitwa Ilchamus.

Wala si mambo ya kwetu peke yetu. Katika mji wa Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa takribani wanne kati ya kila wakazi kumi, lakini hapakuwa na hata mmoja wao aliyewahi kuchaguliwa katika baraza la mji lenye viti saba. Kila kiti hatimaye kiliamuliwa kwa kura za mji mzima, na wengi walishinda kila mara. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho iliona kwamba mfumo huo ulivunja Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, na mji ukagawanywa katika wilaya saba za uchaguzi. Mwaka 2015 walichaguliwa wanawake watatu wa jamii hiyo. Wapigakura hawakuwa wageni. Walikuwa walewale waliokuwa wakipiga kura bure.

Basi nadai nini? Kwanza, Tume ichapishe rasimu za ramani za wadi pamoja na takwimu za sensa za kila mtaa kabla ya vikao vya maoni, si baada yake. Mwananchi hawezi kutoa maoni juu ya mstari asiouona. Pili, kila wadi inayopita juu au chini ya kiwango iandikiwe sababu yake kwa maneno, na kila jamii ndogo iliyogawanywa na mpaka ielezwe kwa nini. Tatu, Bunge liirekebishe Sheria ya Serikali za Kaunti ili majiji yapate wadi bila kuzifuta zile za jamii ndogo. Nne, litueleze iko wapi sheria kamili ya uwakilishi wa makundi yaliyotengwa ambayo Kifungu cha 100 kiliiagiza, na ambayo Katiba iliipa miaka mitano tangu 2010.

Kwenu wanaharakati: mipaka ikishatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mna siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2012 yalifunguliwa maombi zaidi ya 100. Ushahidi haukusanywi ndani ya siku 30. Uanzeni sasa, mtaa kwa mtaa. Kwenu watumishi wa umma mnaoshika takwimu na ramani: mwajiri wenu ni mwananchi, naye ana haki ya kuona mnachokiona. Kwenu wanafunzi: jifunzeni kusoma ramani kama mnavyojifunza kusoma sheria, maana sheria nyingi huvunjwa ramanini bila kelele.

Nilimrudia kijana wa Makina wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba rangi ya nukta yake haina neno. La kuuliza ni nani ameshika kalamu, na kama anaruhusiwa kuchora peke yake gizani. Akaomba karatasi nyingine tupu, akasema anataka kwenda kuichora na wazee wa kwao.